Pikipiki iliyotumika: Namna ya kukabili joto la injini na kutunza maji ya rejeta

KWA wakazi wengi wa Kilosa na Mikumi mkoani Morogoro, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo gari la mizigo na ndiyo ajira. Humtoa mjamzito kijijini na kumfikisha hospitalini, hubeba magunia ya mahindi kutoka mashambani, na tangu treni za reli ya kisasa zilipoanza safari za kwenda Dodoma mwaka 2024, huwapokea abiria wanaoteremka katika kituo cha Kilosa. Nyingi ya pikipiki hizo hazikutoka dukani moja kwa moja hadi kwa mwendeshaji aliyenazo leo. Zimepita mikono miwili, mitatu au zaidi, na kila aliyezimiliki aliacha ndani ya injini alama ya matunzo yake au ya uzembe wake.

Miongoni mwa maradhi ya pikipiki za namna hiyo, ni machache yanayogharimu kama injini kupata joto kupita kiasi. Tairi likitoboka huzibwa kando ya barabara na safari ikaendelea siku hiyo hiyo. Pistoni ikinasa ndani ya silinda, mwendeshaji aliyepewa chombo kwa mkataba hubaki hana kazi, ilhali mwenye pikipiki bado anasubiri hesabu yake ya jioni. Silinda huhitaji kuchongwa au kubadilishwa, pistoni na ringi hununuliwa upya, na akiba ya miezi kadhaa huishia gereji.

Hata hivyo, ni nadra kwa injini kuungua bila kutoa dalili. Makala haya yanaeleza joto hilo linatoka wapi, linaondolewaje, na mambo ambayo mnunuzi au mwendeshaji wa pikipiki iliyotumika anapaswa kuyakagua kabla hasara haijamfika.

Mazingira yanayoongeza mzigo

Mji wa Kilosa uko katika bonde la Mto Mkondoa, kwenye kimo cha takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, na Mikumi haitofautiani nao sana. Katika miezi ya Novemba hadi Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 za Sentigredi mara kwa mara. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa kupoza injini, na kadiri inavyokuwa ya moto ndivyo uwezo wake wa kuchukua joto unavyopungua.

Barabara nazo zina mchango wake. Njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo. Wakati wa kiangazi vumbi hupenya kila mahali, na wakati wa masika tope hurukia silinda na kukauka juu yake kama plasta. Katika uwanda wa Mkata na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mbegu za nyasi hunasa kwenye matundu ya rejeta. Anayeelekea kwenye safu za Rubeho au Ukaguru hupanda miinuko mirefu kwa gia ndogo, tena mara nyingi akiwa na mzigo. Anayekwenda Iringa hukutana na mlima Kitonga baada ya kupita Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo hata malori yenye injini kubwa hupanda kwa kusuasua.

Zaidi ya hayo kuna desturi ya kupakia mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwenye pikipiki moja. Licha ya kuhatarisha maisha na kukiuka sheria ya usalama barabarani, desturi hiyo huilazimisha injini ndogo ya sentimeta za ujazo 100, 125 au 150 kufanya kazi ambayo haikuundiwa.

Joto linatoka wapi

Petroli inapoungua ndani ya silinda, gesi zake hufikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000 kwa muda mfupi sana. Aluminiamu, ambayo ndiyo madini makuu katika pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoifanya pistoni isiyeyuke ni kwamba joto hilo huondolewa bila kukoma.

Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja tu ya nguvu iliyomo ndani ya petroli ndiyo inayozungusha gurudumu, na kwa injini nyingi ndogo haifiki hata hapo. Sehemu nyingine hutoka na moshi kupitia ekzosti, ambayo ndiyo maana abiria wengi, hasa watoto, wana makovu ya kuungua miundi. Sehemu inayobaki huingia kwenye chuma cha injini, na ni lazima iondolewe kwa upepo, kwa oili, au kwa maji yanayozunguka.

Joto likizidi, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Oili huwa nyepesi mno kiasi cha kushindwa kutenganisha chuma na chuma, na pistoni hutanuka kuliko silinda hadi nafasi ndogo iliyokuwepo kati yake inaisha. Hapo ndipo pistoni inapokwaruza, na mwishowe kunasa.

Injini inayopozwa kwa upepo

Pikipiki nyingi zinazoonekana katika vijiwe vya bodaboda vya Kilosa na Mikumi, zikiwamo Boxer za Bajaj, HLX za TVS na nyingi za kutoka China, hazina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, yaani zile bapa nyembamba zilizopangana kuizunguka. Mapezi huongeza eneo la chuma linalogusana na hewa.

Kutokana na umbile hilo, jambo la kwanza katika matunzo ni usafi. Tope lililokauka katikati ya mapezi huzuia upepo na kuhifadhi joto kama blanketi. Mapezi yasafishwe kwa brashi ya nyuzi ngumu na maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Kuimwagia maji baridi injini iliyotoka safarini ni kosa linaloonekana kila siku mahali pa kuoshea pikipiki. Chuma kinachosinyaa ghafla upande mmoja huweza kupinda au kupata ufa. Bapa zilizovunjika nazo ni hasara, kwa kuwa eneo la kutolea joto limepungua.

Vizuizi vingine huwekwa na mwendeshaji mwenyewe. Maboksi, maturubai ya kuzuia tope na mizigo inayofungwa mbele ya injini hupunguza upepo unaoifikia silinda. Aidha, injini ya upepo haipozwi ipasavyo pikipiki inaposimama huku ikinguruma. Anayesubiri abiria kwa dakika nyingi ni vema azime injini. Kufanya hivyo huokoa petroli na huokoa injini.

Bajaji za abiria zenye injini ya upepo hutofautiana kidogo, kwa sababu injini yake imefichwa nyuma ambako upepo wa mwendo hauifikii vizuri. Kwa hiyo huwekewa feni inayosukuma hewa kupitia kava la bati. Kava hilo likitolewa na fundi na lisirudishwe, hewa husambaa ovyo na silinda hubaki bila upepo wa kutosha.

Oili ni mpozaji pia

Wengi huiona oili kuwa kilainishi tu. Katika injini ya upepo, oili hubeba sehemu kubwa ya joto la pistoni na la hedi ya silinda na kulishusha chini, ambako hutolewa nje kupitia kava la injini. Injini nyingi za bodaboda huchukua takriban lita 1 tu. Ikipungua robo lita, robo ya mpozaji huyo imekwenda, na iliyobaki huzunguka mara nyingi zaidi ikiwa na joto kubwa zaidi.

Kiwango cha oili kipimwe kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa tambarare. Kama injini ilikuwa inawaka, isubiriwe dakika chache ili oili ishuke. Katika pikipiki nyingi kijiti cha kupimia hufutwa, kikaingizwa bila kufungwa kwa nyuzi zake, kisha kikatolewa na kusomwa, lakini kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho.

Muda wa kubadilisha oili huhesabiwa kwa kilometa. Pikipiki inayotembea kilometa 100 kwa siku hutimiza kilometa 2,000 katika siku 20. Mwendeshaji anayebadilisha oili kila baada ya miezi miwili kwa sababu ndivyo alivyozoea, huenda anaendesha na oili iliyokwisha nguvu wiki nyingi zilizopita. Pale ambapo kipima kilometa kimekufa, jambo la kawaida kwa pikipiki zilizotumika, siku ya kubadilisha iandikwe kwenye daftari na umbali ukadiriwe kutokana na safari.

Aina ya oili nayo ina uzito. Pikipiki nyingi huogesha klachi ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano ambazo hufanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza huzalisha joto jipya. Oili inayofaa huwa na alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Kuhusu uzito wake, daraja la 20W-50 au 10W-40 hutumika sana, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Sababu zinazojificha

Injini safi yenye oili ya kutosha inaweza bado kupata joto. Sababu mojawapo ni mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo. Mchanganyiko huo huungua kwa joto linaloikaba injini, na mara nyingi hutokana na kabureta iliyoziba au na mpira unaounganisha kabureta na hedi kupata nyufa. Baadhi ya waendeshaji hubana petroli kwenye kabureta wakitarajia kuokoa fedha. Akiba hiyo ndogo ya kila siku hulipwa kwa pistoni moja kubwa, na hapo ndipo wahenga waliposema rahisi ni ghali.

Plagi hutoa ushahidi. Ikitolewa baada ya safari na kukutwa na rangi ya kahawia isiyokolea, hali ni nzuri. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inaungua kwa joto kali. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi au chujio la hewa limeziba.

Sababu nyingine ni nafasi ya valvu. Kadiri injini inavyozeeka, valvu ya ekzosti huzama kwenye kiti chake na nafasi yake hupungua. Valvu isiyofunga sawasawa hushindwa kupeleka joto lake kwenye hedi, ikaungua kingo. Wengi hawaligundui tatizo hili kwa kuwa injini yenye valvu zilizobana huwa kimya, na ukimya huo hudhaniwa kuwa uzima. Nafasi hupimwa kwa fila geji injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu.

Hali kadhalika, breki inayokwama, cheni iliyobanwa mno na tairi lisilo na upepo wa kutosha huifanya injini ivute kwa nguvu zaidi. Jaribio lake ni rahisi. Pikipiki ikiwekwa gia huru mahali pa tambarare na kusukumwa kwa mkono, inapaswa kwenda bila ubishi.

Injini yenye rejeta

Pikipiki zinazotumia maji hupatikana zaidi miongoni mwa zile kubwa za safari na za mwendo kasi, pamoja na baadhi ya zile za mizigo za magurudumu matatu zinazojulikana kama guta. Ndani yake pampu husukuma maji kuzunguka silinda, maji hayo huchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, na upepo au feni hulitoa nje. Themostati hufunga njia ya rejeta injini ikiwa baridi na kuifungua ikishapata moto.

Kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukichukulia kama kizibo cha kawaida, kina kazi kubwa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Kwa kimo cha Kilosa huchemka karibu na nyuzi 98, na katika mji wa Iringa, ulio juu zaidi ya meta 1,500, karibu na nyuzi 95. Kifuniko hufunga shinikizo ndani ya mfumo. Kile cha shinikizo la bar 1.1 huyafanya maji yasichemke hadi yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukichakaa, kinga hiyo hupotea na maji huchemka mapema, ingawa rejeta na pampu ni nzima. Kubadilisha kifuniko ni gharama ndogo kuliko matengenezo mengine yote ya mfumo huo, lakini kibadilishwe kwa kile chenye namba sawa ya shinikizo.

Maji gani yatiwe

Rejeta haikuundwa kwa maji ya kuchota popote. Maji ya Mto Mkondoa hubeba tope, na maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Yakichemka kila siku, huacha ndani ya njia za maji ukoko mweupe kama ule unaoonekana ndani ya birika. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida na huziba matundu membamba ya rejeta. Aidha, maji matupu huleta kutu kwenye chuma na kuila aluminiamu.

Kinachofaa ni kulanti iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za aluminiamu. Kulanti nyingi hutokana na kemikali iitwayo ethilini glaikoli, pamoja na viambato vya kuzuia kutu. Zile nzito huchanganywa na maji yaliyotoneshwa kwa nusu kwa nusu. Zile zilizokwisha kuchanganywa kiwandani hutiwa kama zilivyo, kwa hiyo ni muhimu kusoma maandishi ya dumu kabla ya kumimina.

Wapo wanaodhani kuwa kulanti tupu bila maji ni bora zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, na injini iliyojazwa kulanti nzito peke yake hupoa kwa shida zaidi. Rangi nayo isiwe kigezo, kwa sababu kijani, nyekundu au bluu huchaguliwa na kiwanda na haielezi aina ya viambato. Kuchanganya kulanti mbili zisizofanana huweza kuleta utelezi mzito kama uji unaoziba mfumo.

Anayenunua maji kwenye maduka ya betri awe mwangalifu, kwa kuwa chupa za maji yaliyotoneshwa na za asidi huweza kukaa kwenye rafu moja. Panapokosekana maji yaliyotoneshwa, maji safi ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza ni afadhali kuliko ya kisima, kama hatua ya muda.

Ethilini glaikoli ni sumu na ina ladha tamu. Mtoto au mbwa akiinywa anaweza kufa. Isihifadhiwe katika chupa za soda wala za maji ya kunywa, na ile ya zamani isimwagwe mitoni au karibu na visima.

Hatua za kubadilisha

Kulanti hubadilishwa kwa kawaida kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki imetembea kidogo, kwa kuwa viambato vya kuzuia kutu huisha nguvu. Kwa pikipiki iliyonunuliwa mkononi ambayo historia yake haijulikani, ibadilishwe mara moja.

Kwanza injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha, ndipo kifuniko kifunguliwe. Bolti ya kutolea maji, ambayo mara nyingi iko chini ya pampu, ifunguliwe na maji yakingwe kwenye karai. Rangi yake isomwe. Maji mekundu yanaashiria kutu, na yenye mafuta juu yake yanaashiria kuvuja kwa ndani. Chupa ya akiba nayo imwagwe na kuoshwa.

Pili, mfumo ujazwe maji safi, injini iwashwe hadi themostati ifunguke na mpira wa juu wa rejeta upate moto, kisha izimwe, ipoe na maji yamwagwe. Zoezi lirudiwe mpaka maji yatoke meupe. Mipira yote ibonyezwe kwa vidole, na ile iliyokakamaa, iliyovimba au yenye nyufa ibadilishwe wakati huo huo.

Tatu, bolti irudishwe na washa mpya, kisha kulanti imiminwe polepole. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayowasumbua wengi, kwani pampu haiwezi kuisukuma na sehemu ya hedi hubaki kavu. Pikipiki itikiswe kulia na kushoto, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi ikiwa bado baridi, mapovu yaachwe yatoke na kulanti iongezwe. Baada ya safari ya kwanza na injini kupoa, kiwango kikaguliwe tena kwenye chupa ya akiba kati ya alama ya chini na ya juu.

Themostati na feni

Mafundi wengi katika maeneo ya joto huitoa themostati na kuitupa kwa maelezo kwamba nchi hii haina baridi. Ushauri huo huonekana kusaidia pale themostati ilipokuwa imekwama, lakini huleta hasara nyingine. Injini huchukua muda mrefu kufikia joto lake la kazi, petroli hutumika zaidi, na unyevunyevu hubaki ndani ya oili na kuharakisha ulikaji.

Themostati hupimwa kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto jikoni pamoja na kipimajoto. Nyingi za pikipiki huanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 85. Isiyofunguka hata maji yakichemka imekufa. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isirudi kupikiwa.

Feni kwa kawaida huanza kuzunguka joto linapokaribia nyuzi 100. Ikiwa injini hupata moto ikisimama lakini hupoa ikitembea, feni, fyuzi yake au swichi yake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikiwa hupata moto hata katika mwendo mzuri wa barabara kuu, uchunguzi uelekezwe kwenye kiwango cha maji, rejeta iliyoziba, themostati au pampu. Chini ya pampu kuna tundu dogo. Maji yakidondoka hapo, sili ya pampu imechakaa.

Kabla ya kununua

Mnunuzi aende asubuhi na aiguse injini kabla ya kuwashwa. Ikiwa na moto, huenda muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka au moshi wa mwanzo. Oili ichunguzwe. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, ama kwa gasketi ya hedi kuungua, ama kwa sili ya pampu. Maji ndani ya rejeta yakitoa mapovu mfululizo injini ikiwaka, gesi ya silinda inavuja ndani yake.

Gundi mpya ya gasketi iliyojitokeza kwenye maungio ya hedi na bolti zenye alama za spana ni ishara kwamba injini imefunguliwa. Kufunguliwa peke yake si kosa, ila muuzaji aulizwe sababu na aonyeshe vipuri vilivyobadilishwa. Injini iachwe inguruma kwa dakika 15 hadi 20, kisha izimwe na kuwashwa tena. Inayokataa kuwaka ikiwa na moto ina tatizo la valvu, la umeme au la mbano wa silinda.

Mwishowe, namba za injini na za fremu zilinganishwe na kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na umiliki uhamishwe kisheria. Injini iliyobadilishwa baada ya kuungua mara nyingi hugundulika kwa namba zisizolingana.

Inapopata moto njiani

Dalili za mwanzo ni nguvu kupungua, mlio wa kugongagonga wakati wa kupanda mlima, harufu ya oili inayoungua, au taa ya joto kuwaka. Mwendeshaji apunguze mafuta mara moja, asogee pembeni mahali salama na kuzima injini. Ikiwa gurudumu la nyuma linaanza kukaza, abonyeze klachi bila kusita ili lisijifunge na kumwangusha.

Baada ya hapo dawa ni subira. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa na moto, kwani maji yenye shinikizo hulipuka na kuunguza uso na mikono. Injini ya upepo isimwagiwe maji. Isubiriwe kwa nusu saa au zaidi hadi iweze kuguswa kwa mkono, ndipo oili na maji vikaguliwe na kuongezwa. Kama kuna mlio wa chuma kukwaruzana, pikipiki ibebwe au isukumwe hadi kwa fundi.

Subira hiyo, hata hivyo, si salama kila mahali. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na tembo, nyati na simba huivuka mchana na usiku. Mwendeshaji ambaye injini yake imezimika humo gizani hana pa kujificha. Kwa hiyo ukaguzi wa oili, maji na petroli ufanyike Doma kwa anayetokea Morogoro, au katika mji wa Mikumi kwa anayetokea Iringa, na mwenye pikipiki iliyokwisha kuonyesha dalili asiingie hifadhini jua likielekea kuzama.

Katika kupanda mlima Kitonga, gia ndogo yenye mzunguko wa wastani ni bora kuliko gia kubwa inayoikaba injini. Katika kuushuka, gia huru na injini iliyozimwa ni hatari, kwa sababu mzigo wote huhamia kwenye breki nazo hupata moto hadi kushindwa kushika.

Brashi, chupa ya oili na dakika tano za asubuhi ni gharama ndogo zikilinganishwa na silinda mpya. Kwa mwendeshaji anayemalizia mkataba ili chombo kiwe mali yake, dakika hizo ndizo zinazoamua kama siku ya kukabidhiwa kadi atapokea pikipiki yenye uhai wa kumlisha miaka mingine, au chuma kilichochoka kinachoanza kumdai.